Willem Einthoven na Maandishi ya Moyo

Ukiwauliza wanafunzi wa sayansi wakutajie watu waliowaletea wagonjwa nafuu kubwa, watakutajia Pasteur, watakutajia Fleming, na bila shaka watakutajia Bibi Curie. Jina la Willem Einthoven hutajwa na wachache, na hata hao wachache mara nyingi hawajui alikuwa mtu wa wapi. Mimi naona hiyo si haki, na kwa hiyo nimeomba nafasi katika kurasa hizi nisimulie maisha yake.

Kilichonifanya nimtafute ni habari iliyotoka Marekani. Mwezi wa Desemba mwaka 2017 madaktari wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichapisha habari za wagonjwa watano ambao mioyo yao ilikuwa na ugonjwa wa kwenda mbio ghafula, mbio za kuua. Dawa zilikuwa zimeshindwa. Basi madaktari wakawalaza wagonjwa hao juu ya meza, wakawalenga moyoni kwa mionzi, mionzi ile ile inayotumika kuua saratani, bila kisu na bila kuwalaza usingizi. Nilipoisoma habari hiyo sikushangazwa na mionzi, kwa maana nguvu zake zajulikana. Nilishangazwa na shabaha. Moyo ni kama ngumi ya mwenyewe tu, na mahali pabovu ndani yake ni padogo zaidi. Walipajuaje? Nikafuata swali hilo nyuma, mwaka baada ya mwaka, hata nikafika kisiwa cha Java.

Einthoven alizaliwa tarehe 21 Mei, 1860, katika mji wa Semarang, kisiwani Java, katika nchi ambayo leo ni Indonesia na ambayo wakati ule ilitawaliwa na Waholanzi. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, kisha daktari wa mji. Willem alikuwa mtoto wa tatu katika sita, na wa kwanza wa kiume. Alipokuwa na umri wa miaka sita baba yake alifariki. Mama akabaki na watoto wote ugenini, akavumilia miaka minne, halafu mwaka 1870 akawapakia melini, akarudi nao Uholanzi na kukaa katika mji wa Utrecht. Vitabu vyasema maneno machache sana juu ya mama huyu. Nadhani alistahili zaidi.

Mwaka 1878 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Utrecht kusomea udaktari, akitaka kuifuata njia ya baba yake. Fedha hazikuwapo za kutosha. Jeshi la makoloni likamlipia masomo kwa ahadi kwamba akimaliza atakwenda kulitumikia huko mashariki kama daktari. Kwa hiyo mambo yake yalikuwa yamekwisha kukatwa: atasoma, atavaa sare, atarudi Java.

Alikuwa mpenzi mkubwa wa michezo. Alikuwa mkuu wa chama cha wanafunzi cha mazoezi ya viungo na kupigana kwa vitara, na alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha kupiga makasia cha wanafunzi wa Utrecht. Siku moja katika mchezo alivunjika kifundo cha mkono. Wengi wetu tungeutumia muda wa kuuguza mkono kwa kulala na kulalamika. Yeye alikaa akiutazama mkono wake jinsi unavyogeuka, kiganja juu, kiganja chini, akajiuliza kiungo cha kiwiko chafanyaje kazi hiyo. Kutokana na kuuliza huko akaandika uchunguzi wake wa kwanza. Wale wenzetu waliovunjika katika mpira mwaka huu wana nafasi nzuri.

Mwaka 1885 alipata shahada yake ya udaktari kwa sifa, na kabla mwaka haujaisha akaitwa kuwa profesa wa elimu ya kazi za mwili katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Uprofesa huo ulimfungua kutoka katika ahadi ya jeshi, lakini fedha za masomo ilimbidi azirudishe. Mwaka uliofuata alimwoa binti wa jamaa yake, wakapata watoto wanne. Akakaa Leiden katika kazi ile ile hata kufa kwake, miaka zaidi ya arobaini.

Sasa yafaa nieleze kidogo juu ya moyo wenyewe. Moyo haupigi kwa amri ya akili. Ndani yake, upande wa juu kuliani, pana chembe zinazoanzisha umeme mdogo sana. Umeme huo hushuka kwa njia maalumu kutoka vyumba vya juu hata vyumba vya chini, na kila nyama inapopitiwa nao hukaza. Njia ikiwa nzima, moyo hupiga kwa mpango. Njia ikiharibika, mpango hupotea. Umeme huu huenea mwilini mpaka kwenye ngozi, lakini ufikapo huko nguvu yake ni kama sehemu moja ya elfu ya volti, na tunajua kwamba betri moja ya tochi ni volti moja na nusu. Ile galvanomita ya maabara ya shule, ambayo mshale wake huruka tukiunganisha waya, isingeuona kabisa.

Wa kwanza kuuandika umeme wa moyo wa mtu kutoka juu ya ngozi alikuwa Augustus Waller, mjini London, mwaka 1887. Waller alikuwa na mbwa jina lake Jimmy, aliyefundishwa kusimama kimya miguu yake ikiwa ndani ya maji ya chumvi huku moyo wake ukipimwa. Watu wengine waliona jambo hilo kuwa ukatili, hata mwaka 1909 swali likaulizwa katika bunge la Uingereza, naye waziri akajibu kwa utulivu kwamba ni sawa na mtu kuchovya miguu baharini. Mwaka 1889, katika mkutano wa wataalamu mjini Basel, Uswisi, Einthoven alimwona Waller akionyesha kazi yake. Waller mwenyewe hakutumaini kwamba jambo hili lingekuwa na faida kubwa hospitalini. Einthoven alirudi Leiden na mawazo mengine.

Chombo cha Waller kilikuwa bomba jembamba la kioo lenye zebaki ndani. Umeme ukipita, zebaki husogea. Lakini zebaki ni nzito na mvivu: moyo umekwisha kupiga, nayo ndiyo kwanza inaanza kusogea, na mchoro unaotokea si mchoro wa kweli. Husimuliwa pia kwamba magari ya farasi yaliyopita juu ya mawe ya barabara yalikitikisa chombo, hata Einthoven akachimba shimo refu chini ya chumba na kulijaza mawe, asipate faida yoyote.

Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Alikuwa tayari profesa, mtu wa kuheshimiwa, lakini hesabu za juu zilizotakiwa kwa kazi hii hakuwa amezisoma katika udaktari wake. Akaketi akajifundisha mwenyewe. Kisha akatumia hesabu hizo kuutengeneza ule mchoro wa zebaki, akitafuta kwa kalamu umbo ambalo lingetokea kama chombo kisingekuwa kivivu. Mwaka 1895 alitangaza umbo hilo, akayapa mawimbi yake herufi P, Q, R, S na T. P ni vyumba vya juu, Q, R na S ni vyumba vya chini vinapopitiwa na umeme, T ni vyumba hivyo vinapojitengeneza tena kwa pigo linalofuata. Mpaka leo herufi ni zizo hizo. Nayaandika haya kwa sababu katika shule yetu, na najua si yetu tu, mwanafunzi akisema atakuwa daktari huzitupa hesabu mara moja, kana kwamba amefunguliwa minyororo. Wanafunzi wa zamani waliokwisha kuingia udaktari wanaweza kutuambia kama walifanya vema.

Lakini haiwezekani kila mgonjwa akisubiri afanyiwe hesabu za siku nzima. Kilitakiwa chombo chepesi kuliko zebaki. Mfaransa mmoja, Ader, alikuwa ametumia waya mwembamba kati ya sumaku kupokea habari za simu za chini ya bahari, lakini hakikuwa chombo cha kupimia kitu kidogo kama hiki. Einthoven alichukua jiwe la kwatsi, ambalo likiyeyushwa huwa kama kioo. Ili kupata uzi wake, kwa njia iliyobuniwa na Mwingereza Boys, mshale hufungwa kwenye kwatsi iliyoyeyuka, kisha hupigwa kwa upinde kutoka upande mmoja wa chumba hata upande wa pili, nao huvuta nyuma yake uzi mwembamba kuliko uzi wa buibui. Fikirini, profesa wa Ulaya akitafuta siri ya moyo kwa uta! Uzi huo ukapakwa fedha ili upitishe umeme, ukatundikwa kati ya ncha mbili za sumaku kubwa ya umeme. Umeme wa moyo ukipita, uzi hupinda kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa hiyo alitoboa tundu katika sumaku, akapitisha taa na hadubini, na kivuli cha uzi, kikiisha kukuzwa mara mia kadhaa, kikaanguka juu ya kioo cha picha kilichokuwa kikitembea.

Kazi ya kwanza juu ya chombo hiki aliitangaza mwaka 1901. Uzi haukuwa na uzito wa kusemwa, lakini vilivyouzunguka vilikuwa na uzito wa kilo 270, vikajaza vyumba viwili, vikahitaji watu watano wa kuviendesha na maji ya kupoza sumaku isiungue. Mgonjwa aliketi kitini, mikono yote miwili na mguu wa kushoto ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Na mchoro ulipotoka ulifanana na ule alioupata kwa kalamu miaka iliyopita! Kioo cha picha alikiendesha milimita 25 kwa sekunde, na umeme wa sehemu moja ya elfu ya volti aliupa kimo cha sentimita moja. Hospitali yoyote leo yenye mashine ya ECG, mashine isiyozidi ukubwa wa kitabu, huandika kwa mwendo huo na kwa kimo hicho.

Ikabaki taabu moja. Wagonjwa walikuwa hospitalini, na chombo kilikuwa katika maabara, mwendo wa kilomita moja na nusu. Chombo hakichukuliki, na mgonjwa wa moyo hafai kukokotwa barabarani. Einthoven akavuta waya wa simu. Tarehe 22 Machi, 1905, moyo uliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka hospitalini mpaka maabara, nao ulikuwa moyo wa mtu mzima wa afya. Wimbi la R lilikuwa refu mno, na sababu iliyotolewa ni kwamba bwana huyo alikuwa amepiga baiskeli mbio kutoka maabara mpaka hospitali. Baada yake walifuata wagonjwa wa kweli. Mwaka 1906 Einthoven aliweza kuchapisha michoro ya mioyo iliyopanuka, mioyo ambayo njia ya umeme imekatika katikati, na mioyo ambayo vyumba vya chini hupiga pigo la kuzidi lisiloitwa na mtu. Magonjwa ambayo tangu zamani daktari aliyapapasa kwa vidole juu ya mshipa, sasa yalionekana.

Huko Uingereza kiwanda cha Cambridge, kilichoanzishwa na Horace Darwin, mwana wa yule Darwin mkuu, kilianza kutengeneza vyombo hivyo viuzwe. Daktari Thomas Lewis wa London alikichukua chombo akawapima wagonjwa wengi kabisa, akafundisha dunia maana ya kila mchoro. Einthoven alimheshimu sana, wala hakuona haya kukiri kwamba bila Lewis kazi yake isingefika mbali.

Mwaka 1913, pamoja na wenzake, alitangaza jambo ambalo kwa swali langu la mwanzo ndilo kubwa kuliko yote. Mikono miwili na mguu, akasema, ni pembe tatu, na moyo uko katikati. Ukiupima umeme kutoka pande tatu kwa pamoja, waweza kukokotoa umeme unaelekea wapi ndani ya moyo. Mpaka hapo mchoro ulikuwa umesema moyo unapiga lini. Sasa ulianza kusema wapi.

Tuzo ya Nobel ya udaktari ilimfikia mwaka 1924, naye wakati huo alikuwa Marekani akitoa masomo. Husimuliwa kwamba aliporudi na fedha alimtafuta fundi wake wa zamani aliyemsaidia kukijenga chombo, akakuta amekufa, lakini dada zake wawili wangali hai katika umaskini, akawapa nusu ya fedha hizo. Alifariki Leiden kwa saratani, tarehe 29 Septemba, 1927, mwenye umri wa miaka 67.

Sasa nirudi kwenye mionzi. Moyo ukipata kovu, kama linalobaki baada ya mshipa wake kuziba, umeme huweza kuingia ndani ya kovu na kuzunguka humo kama maji ya mkondo yaliyokutana na mwamba. Vyumba vya chini hufuata mzunguko huo, hupiga mbio, damu haisukumwi, na mtu huweza kufa kwa dakika chache. Wengi wa wagonjwa hawa hupandikizwa kifuani kifaa kinachoupiga moyo kwa umeme ili urudi katika mpango. Kifaa hicho huokoa maisha, lakini hakiponyi, na mapigo yake huuma na kutisha. Njia nyingine ni kupitisha mrija mwembamba katika mshipa mpaka moyoni na kulichoma kovu kwa joto. Kazi hiyo ni ya saa nyingi, mgonjwa dhaifu haiwezi, na pengine kovu limo ndani sana, mrija haulifikii.

Kule St. Louis mgonjwa alivikwa fulana yenye vipokezi zaidi ya 200 vya umeme. Moyo ulichokozwa kwa makusudi uende mbio, kwa kutumia kile kifaa cha kifuani, na wakati huo fulana ikaandika umeme kutoka pande zote. Ni ile pembetatu ya mwaka 1913, ila pembe zimeongezwa. Picha ya umeme ikalinganishwa na picha za kovu, na pale zilipokubaliana ndipo mionzi ilipolengwa. Walipiga mara moja tu, kipimo cha grei 25, ambapo mgonjwa wa saratani kwa kawaida hupewa kama grei mbili kwa siku. Kwa wastani kazi ilichukua dakika 14.

Vile vifaa vya kifuani huhesabu. Katika miezi mitatu kabla ya matibabu wagonjwa watano walipatwa na mbio hizo mara 6,577. Wiki sita za kwanza baada yake zilikuwa za kungoja, na mbio hazikukoma mara moja. Baada ya hizo, katika miezi 46 ukijumlisha ya wagonjwa wote, zilitokea mara nne.

Nisingependa msomaji adhani kwamba ni uganga wa ajabu. Mgonjwa mmoja, mzee, alikufa kwa kiharusi wiki tatu baada ya kutibiwa. Mionzi huweza kuyadhuru mapafu yaliyo karibu, na hata moyo wenyewe. Miaka mingi madaktari wa saratani wamefanya juhudi kuukinga moyo usiguswe na mionzi, na sasa watu wanaulenga. Watano ni wachache mno. Baadaye walitibiwa wengine, 19 katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, na faida ikaonekana tena, lakini njia hii ingali ya wale walioshindikana kwa njia nyingine, na wataalamu wanaendelea kuichunguza.

Jambo lililowatatiza ni upesi wake. Walidhani mionzi ingeliua kovu na kuliziba, kama mrija unavyofanya, lakini kuziba huko huchukua miezi, na wagonjwa walikuwa wakipata nafuu mapema zaidi. Mwaka 2021 wataalamu wa chuo kile kile walitangaza maelezo mengine: kwa kipimo hicho chembe za moyo hazifi, bali hubadilika, na umeme hupita ndani yake kwa kasi kuliko kwanza, hata usipate nafasi ya kuzunguka. Waliliona hilo katika mioyo ya panya. Waliliona pia kwa wagonjwa, tena bila kumfungua mtu yeyote kifua, kwa maana katika karatasi zao za ECG zile herufi Q, R na S zilikuwa zimekaribiana kuliko zamani.